"Nimeambiwa nilipie": dhana potofu kuhusu majarida ya maktaba

Kila msimu wa kuandika tafiti ukifika, meza ya huduma ya maktaba yetu hapa Mbeya hujaa wanafunzi wenye lalamiko moja: "Chuo hakina majarida. Nimefungua makala, nimeambiwa nilipie." Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa mhadhiri, na nimeona nilijibu kwa maandishi.

Dhana: Makala ikidai dola, ujue chuo hakina kibali cha kuisoma.

Si kweli. Mchapishaji hakujui. Ukiwa gheto Uyole au Ilomba, unatumia bando la simu, anachokiona ni mteja wa kampuni ya simu, basi anakudai dola 30 au zaidi kama anavyomdai mtu yeyote. Makala hiyohiyo inaweza kuwa wazi kwako kupitia Research4Life, mpango wa kuzifungulia taasisi majarida, unaobeba makusanyo kama Hinari ya afya, iliyoanzishwa na WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2002, AGORA ya kilimo, ya FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), iliyofuata mwaka 2003, na mengineyo. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazitozwi chochote.

Kosa linatokea mlangoni. Wengi huanzia Google, wanaangukia tovuti ya mchapishaji, wanakata tamaa. Inatakiwa uingie kwanza kwenye lango la Research4Life kwa jina la mtumiaji na nenosiri la chuo, kisha ulitafute jarida ukiwa humohumo. Ukilizunguka lango hutambuliwi, hata kama umekaa hapa maktabani mbele yangu.

Mwanafunzi mmoja anayeandika kuhusu baka chelewa, ugonjwa wa viazi, alikuja na rejea alizozisoma ikisiri tu, yaani muhtasari wa mwanzo wa makala. Tulipopitia AGORA, makala zake zote isipokuwa moja zilifunguka hapohapo. Hiyo moja mchapishaji wake hakuiweka kwenye mpango. Wapo wachapishaji wanaobagua nchi. Tukaandika kichwa chake kamili kwenye Google Scholar, tukabofya matoleo yote, tukapata nakala aliyoiweka mwandishi kwenye hifadhi ya chuo chake. Ingekosekana, ningemwambia amwandikie mwandishi barua pepe fupi yenye kichwa cha makala na DOI, ile namba ya utambulisho wa makala. Waandishi wengi hufurahi kusomwa na hutuma.

Nasisitiza, maana linaniuma: usirejee makala ambayo umesoma ikisiri peke yake. Mbinu, ukubwa wa sampuli na mipaka ya utafiti vimo ndani. Msimamizi makini atakuuliza hayo, na utakuwa huna jibu.

Dhana: Nenosiri la maktaba ni la kurushiana kwenye magrupu ya WhatsApp.

Wachapishaji hufuatilia upakuaji. Mtu mmoja akishusha mamia ya makala kwa mkupuo, wanaweza kukifungia chuo kizima, na mara nyingi hilo hutokea wakati wenzako wanamalizia sura ya pili.

Dhana: Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, ikitoa asilimia ndogo, hujadesa.

Asilimia hupima mfanano wa maneno. Aya moja iliyonakiliwa nzima bila rejea ni wizi hata kama ripoti inasoma 5. Na rejea zilizoandikwa vizuri zinaweza kuipandisha namba bila kosa lolote. Isome ripoti yenyewe, mstari kwa mstari.

Dhana: Rafu zikipungua, maktaba inakufa.

Rafu zinapunguzwa kwa sababu wanafunzi wanakuja na kompyuta mpakato na wanahitaji meza na soketi. Vitabu vya kiada na tafiti za zamani za nyanda hizi za juu, ambazo nyingi hazijawahi kuskaniwa, bado tunavyo. Uliza mezani.

Dhana: Alama ya Wi-Fi ikijaa, intaneti ina kasi.

Alama ile inaonyesha ukaribu wako na kifaa kilichopo darini. Kasi inategemea njia ya kutoka chuoni, na mchana mnaigombea wote. Faili kubwa lipakue asubuhi kabla ya vipindi kuanza, na ulihifadhi kwa jina la mwandishi na mwaka ili usilipakue tena.