Homa inayopanda na kushuka na dawa ya Kichina Xiao Chai Hu Tang: maswali na majibu

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya hapa Dar es Salaam. Siku hizi haipiti wiki bila mgonjwa kufungua mkoba wake na kunionyesha vipakiti vya Xiao Chai Hu Tang vyenye maandishi ya Kichina. Wengine wametumiwa na ndugu aliyekwenda Guangzhou kufuata bidhaa, wengine wamenunua kwa mtu anayeuza kwa simu. Ninachotaka kikome ni zile siku tatu au nne ambazo mtu hukaa nyumbani na homa, anakunywa vipakiti hivyo, na hajapima malaria.

Xiao Chai Hu Tang ni dawa gani?

Ni mchemsho wa mitishamba saba: mizizi ya chaihu, ambayo ndiyo kiini cha dawa, kisha huangqin, banxia, jinsengi, tangawizi mbichi, mzizi mtamu uitwao gancao, na kunazi nyekundu. Uliandikwa na tabibu Zhang Zhongjing karibu miaka 1,800 iliyopita, mwishoni mwa utawala wa Han, katika kitabu chake kuhusu homa kiitwacho Shang Han Lun. Alieleza hadi upishi wake. Kunazi ziwe 12. Vipimo 12 vya maji vichemke mpaka vibaki 6, makapi yatupwe, maji yarudi jikoni mpaka vibaki 3, na mgonjwa anywe kipimo kimoja kikiwa cha moto kiasi, mara tatu kwa siku. Leo wengi huinunua ikiwa chengachenga za kukoroga kwenye maji ya moto.

Kwa asili ilikuwa ya kutibu nini?

Waganga wa jadi wa China huigawa homa kwa hatua. Ugonjwa ukiwa umeshapita ngozi lakini haujazama tumboni, husema umekaa katikati, na hatua hiyo huiita shaoyang. Dalili zake ni hizi: baridi na joto kupokezana, mdomo mchungu, koo kukauka, kizunguzungu, mbavu kujaa, kichefuchefu na chakula kutopita.

Zisome tena polepole. Ni maneno yale yale ninayoambiwa kila asubuhi: "Dokta, mdomo mchungu, nasikia baridi halafu joto, chakula sikitaki hata kukiona." Ndiyo maana mtu akitafsiriwa karatasi ya dawa anasema, hii ni yangu kabisa. Hapa kwetu, mwenye maneno hayo mdomoni ahesabiwe ana malaria mpaka kipimo kiseme hana.

Kwa hiyo inatibu malaria?

Hapana. Haitibu malaria. Ukinywa pakiti moja haitibu, ukinywa boksi zima haitibu.

Mbona dawa ya mseto ya malaria nayo imetoka kwa Wachina?

Ni kweli, na swali ni zuri. Artemisinini iliyomo kwenye dawa ya mseto ilipatikana kwenye mmea wa qinghao miaka ya mwanzo ya 1970, na mtafiti wa Kichina, mama Tu Youyou, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini qinghao haimo katika zile saba nilizotaja. Na hata qinghao yenyewe ukiinywa kama chai, huwezi kujua umepata dawa kiasi gani, na Shirika la Afya Duniani halikubali itumike hivyo kutibu malaria. Kidonge kimepimwa. Kikombe cha chai hakijapimwa.

Lakini nilikunywa, na homa ikashuka.

Hili ndilo linalowaponza watu. Homa ya malaria hushuka yenyewe. Unatetemeka, unawaka moto, unatoka jasho, unapata nafuu, unaomba hata uji. Saa kadhaa baadaye inarudi. Kama ulikunywa kitu chochote katikati, hata maji ya ndimu, utakipa sifa. Vimelea viko palepale kwenye damu, vinaongezeka.

Mwaka huu mama mmoja wa makamo aliletwa na wanawe wawili wakiwa wamemshika huku na huku. Alikuwa amelegea, anaita majina ya watu ambao hawapo, na mkojo wake ulikuwa mweusi kama kahawa. Binti yake alinipa vipakiti tisa vitupu, vimekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Vitatu kwa siku, siku tatu. Mama wa watu hakukosea hata dozi moja. Tulimchoma kidole, kipimo kikaonyesha malaria ndani ya dakika chache. Tukamwanzishia sindano na kumkimbiza hospitali kubwa. Alipona, baada ya kuongezewa damu na kulazwa siku nyingi. Siku ya kwanza ya homa angetibiwa kwa vidonge vya siku tatu akiwa nyumbani kwake.

Naweza kusubiri siku ngapi kabla ya kupima?

Usisubiri hata siku moja. Malaria kali inaweza kumuua mtu ndani ya saa 24, na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano au mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Usiseme "namaliza hizi kwanza". Usiseme "leo afadhali kuliko jana". Homa imeanza asubuhi, pima asubuhi hiyo. Imeanza usiku, kukicha uwe kituoni.

Mgonjwa akiwa na degedege, anatapika kila anachokunywa, amechanganyikiwa, anahema kwa shida, macho yamekuwa manjano au mkojo umekuwa mweusi, usingoje kukuche. Tafuteni usafiri usiku huohuo.

Si ni mitishamba tu? Ina madhara gani?

Neno "tu" hapo ndilo linaloniudhi. Banxia mbichi ni sumu inayowasha na kuvimbisha koo, ndiyo maana Wachina wenyewe huitayarisha kabla ya kuitumia. Gancao ikitumika sana hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini, kwa hiyo mwenye presha au anayemeza vidonge vya kukojoza maji asiiguse kabla hajasema na daktari.

Na Japani, ambako dawa hii huitwa sho-saiko-to na ilikuwa ikitumiwa sana na wagonjwa wa homa ya ini, ilifikia mwezi Machi 1996 Wizara ya Afya ikatoa tahadhari ya dharura. Wagonjwa 88 waliripotiwa kupata ugonjwa mbaya wa mapafu baada ya kuitumia, na 10 kati yao walifariki. Ukiwa unaitumia ukaanza kikohozi kikavu na kubanwa pumzi, acha na uje haraka.

Je, Zhang Zhongjing alikuwa mwongo?

Hata kidogo, nami sipendi kusikia akidharauliwa. Katika utangulizi wa kitabu chake anasema ukoo wake ulikuwa na watu zaidi ya 200, na katika miaka isiyofika kumi theluthi mbili walikufa, saba katika kila kumi kwa homa hizo. Aliandika kwa uchungu wa kuzika ndugu. Hakuwa na darubini wala kipimo cha kidole. Wewe unacho, kiko kwenye zahanati ya mtaani kwako.

Kipimo kikitoka hasi?

Basi tutatafuta kingine: mkojo, mapafu, taifodi, dengue. Homa ikiendelea, rudi upimwe tena. Hasi ya Jumatatu haikulindi mpaka Ijumaa.

Nimeshaanza kunywa, naogopa kusema kwa daktari atanigombeza.

Sema. Atakayekugombeza ni mimi na maneno yataisha hapohapo, lakini nisipojua ulichokunywa naweza kukupa dawa isiyopatana nacho. Njoo na pakiti yenyewe, hata ikiwa tupu, hata kama huwezi kusoma kilichoandikwa. Na njoo leo.