Kabla greda halijaingia kiwanjani

Wateja wengi wanaonipigia simu nikakague mimea na wanyama wa viwanja vya Bagamoyo kabla ya ujenzi huanza kwa kuniambia kuwa kiwanja kimeshasafishwa. Wanadhani wamenirahisishia kazi, kumbe wameniondolea nusu ya ushahidi.

Siku hizi haitoshi kueleza mradi utaharibu nini. Unaulizwa pia utaongeza nini. Anayekopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) anakutana na Kiwango cha 6 cha mwaka 2012: penye mazingira asilia, bayoanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na wanyama, isipungue pale inapowezekana, penye mazingira nyeti kabisa, lazima iongezeke. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haitaji asilimia, ila inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Waingereza wao wameweka namba. Kule England, tangu Februari 2024, miradi mingi ya ujenzi inatakiwa kuongeza thamani ya bayoanuwai kwa angalau asilimia 10 na kuitunza miaka 30. Hesabu yenyewe huzidisha ukubwa wa eneo, upekee wa mazingira yake, hali yake na umuhimu wa mahali lilipo. Kinachopandwa upya hukatwa alama, maana kitachukua miaka kukua na huenda kikafa. Kipengele ninachokipenda ni hiki: ukifyeka bila kibali tangu 30 Januari 2020, eneo linahesabiwa kama lilivyokuwa kabla hujalifyeka. Ujanja umekwisha.

Sasa chukua kiwanja cha upande wa Kaole: nyuma kichaka, mikoche na mbuyu mmoja, mbele mikoko. Mchoro wa msanifu una ukoka, pevingi na miashoki kando ya ukuta. Kijani kipo, tena kinapendeza pichani. Lakini maua ya mbuyu hufunguka jioni, popo wakaja kunywa na kuchavusha, na mapango ya shina ni nyumba za ndege. Miashoki mia haifanyi kazi hiyo. Kusogeza ukumbi mita chache ili mbuyu ubaki, mchoro ungali kwenye karatasi, ni gharama ya wino tu.

Mikoko ndiyo yenye maneno mengi. Ni hifadhi ya Serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), kwa hiyo si yako hata kama inaonekana kutoka barazani kwako. Kila mtu anaahidi "tutapanda mikoko", kisha vijana wanaokota mbegu ndefu za aina iitwayo mkoko, kwa kuwa ndizo rahisi kuokota, na kuzichomeka topeni karibu kabisa na bahari. Pale ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Mkoko unapenda nyuma yake, mkandaa juu zaidi, na mchu huvumilia hata chumvi ya nyuma kabisa. Ukikosea mstari, mawimbi yanaondoka na miche yote. Maji yakipwa na kujaa bila kizuizi, mikoko mara nyingi hujiotea yenyewe. Ndiyo maana katika mipango yangu kutoa kifusi kilichoziba mkondo hutangulia miche.

Niiteni basi wakati kichaka bado kimesimama, nikikague masika na kiangazi. Na kwenye bajeti wekeni fungu la mlinzi wa miche baada ya mkandarasi kuondoka, kwa sababu mbuzi hawasubiri makabidhiano.