Dhamana ya kuchonga ardhi si bima

Kila mara nikikaa na wakandarasi wanaozungumza Kiswahili hapa California, kuna atakayeuliza: "Leseni ninayo, bima ninayo, mbona jiji linanidai na dhamana tena kwa sababu ya udongo tu?" Jibu lake liko mlimani.

Los Angeles ni jiji lililopanda vilima. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walitaka nyumba zenye kutazama bonde, greda zikapanda. Upande wa juu ulikatwa, kifusi kikasukumwa upande wa chini, nyumba ikawekwa juu ya kifusi. Mvua za msimu wa 1951 na 1952 zikakishusha kifusi kile kwa majirani wa chini. Mwaka huohuo wa 1952 jiji likatunga sheria ya kuchonga ardhi, yaani kukata na kujaza udongo ili kupata kiwanja, ya mwanzo kabisa kwa miji ya Marekani, na mwaka 1963 likaikaza zaidi. Mtihani wake ulikuwa mvua za 1969. Kati ya viwanja kama 10,000 vya vilimani vilivyochongwa kabla ya 1952, vilivyoharibika ni 1,040. Vya 1952 hadi 1962 vilikuwa kama 27,000, vikaharibika 350. Vilivyofuata kanuni za 1963 vilikuwa kama 11,000, vikaharibika 17. Huwa nazitoa namba hizi kwa anayedhani kibali ni mtego wa kukusanyia hela.

Sasa dhamana yenyewe, yaani ahadi ya kampuni kwa jiji kwamba kazi itamalizwa au italipiwa. Katika maeneo ambayo jiji limeyaandika kuwa ya vilima, kazi ya zaidi ya yadi za ujazo 250 haipewi kibali mpaka dhamana iwekwe. Yadi 250 ni kama mita za ujazo 190. Kwa tipa la yadi 10 ni tripu 25, ila udongo ukichimbuliwa huumuka, kwa hiyo utahesabu 30 na zaidi. Ukichimba chumba cha chini ya nyumba na njia ya gari umeshafika hapo.

Kiasi cha dhamana hukadiriwa kwa ujazo wa kukata au wa kujaza, ule ulio mkubwa, pamoja na gharama ya mitaro na kinga nyingine. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu anakata yadi 400, anajaza 380 palepale kiwanjani, halafu anakuja na hesabu kwamba kazi yake ni yadi 20, kwa kuwa ndizo zinazotoka getini. Jiji linaangalia 400.

Kinachoogopwa ni kazi kuachwa katikati. Kilima ambacho hakijaguswa kina majani na mizizi yake. Kilichokatwa nusu kimesimama wima, uchi, mtaro haujajengwa, kifusi hakijashindiliwa. Mkandarasi akifilisika mwezi wa tisa, mvua haziko mbali, na karatasi za nailoni na viroba vya mchanga havishikilii mlima kwa msimu mzima. Jiji linahitaji mtu mwenye fedha wa kumwambia: maliza, au lipa tumalizie. Mtu huyo ni mdhamini, kampuni iliyoruhusiwa kutoa dhamana katika jimbo.

Basi wako watatu: jiji linalolindwa, mdhamini, na anayedhaminiwa, yaani mwenye kiwanja, au katika miji mingine mkandarasi wake. Aliyewahi kumdhamini mwenzake kwenye kikoba ameshaelewa nusu ya jambo hili. Mkopaji akikimbia, kikundi kinakukamata wewe. Ukilipa, unamfuata yeye mpaka kwa wakwe.

Bima haifanyi hivyo. Gari likigongwa, bima inalipa na haikudai. Dhamana inakudai. Chukua mfano: dhamana ya dola 60,000, ada ya asilimia 2, unalipa dola 1,200 kwa mwaka. Kazi inakushinda, jiji linatumia dola 40,000 kujenga ukuta wa kuzuia udongo na mitaro, mdhamini analipa. Wiki chache baadaye unapokea barua ya kudaiwa dola 40,000 zilezile, na gharama za mawakili juu yake. Zile 1,200 zilikuwa ada ya kuazima jina la mdhamini, hazikununua msamaha wowote.

Deni hilo limeandikwa kwenye mkataba wa fidia, karatasi ambayo watu huisaini wakiwa wamesimama. Isome ukiwa umekaa. Mara nyingi mdhamini hutaka saini yako binafsi mbali na ya kampuni, na ya mwenzi wako wa ndoa pia, ili mali isihamishiwe jina la mama watoto siku mambo yakiharibika. Najua saini hiyo inaleta maneno nyumbani. Afadhali maneno hayo yatoke kabla ya kibali.

Ndiyo maana sisi tunaopima maombi ya dhamana tunachungulia historia yako ya mikopo, hesabu za kampuni na kazi ulizowahi kumaliza. Mwenye rekodi nzuri hulipa asilimia 1 hadi 3 ya kiasi cha dhamana. Mwenye madoa hulipa zaidi, au huambiwa aweke rehani.

Usiichanganye na dhamana ya leseni ya mkandarasi, ambayo California iliipandisha kutoka dola 15,000 hadi 25,000 kuanzia Januari 1, 2023. Ile inakufuata wewe popote ufanyapo kazi, hii imefungwa kwenye kiwanja kimoja na kibali kimoja.

Na haiishi kwa sababu greda limeondoka. Inaisha mkaguzi wa jiji akiikubali kazi ya mwisho, mitaro ikiwemo, na jiji likaiachilia dhamana kwa maandishi. Nimeona watu wakilipia ada mwaka wa pili na wa tatu kwa kiwanja ambacho nyumba imeshahamiwa, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuomba barua hiyo. Ukiipata, ipeleke kwa mdhamini wako, ubaki na nakala.