Kazi ya kumiksi huanzia kwenye folda

Mzigo wa kawaida unaoingia kwa fundi wa miksi wa kujitegemea, yule anayechanganya mdundo na sauti kuwa wimbo mmoja, una faili mbili: mdundo wa MP3 na sauti ya mwimbaji. Chini yake kuna ujumbe: "Mkuu, biti na voko hizo hapo, ipige miksi kali, inatoka Ijumaa." Anayeanza kazi hii hufungua programu papo hapo na kuanza kuzungusha vitufe. Mimi saa nzima ya mwanzo huimaliza kwenye folda. Fundi wa kujitegemea hana studio wala lebo ya kusukumia lawama. Kasoro aliyoipokea kimya kimya huhesabiwa kuwa yake siku wimbo utakapotoka.

Naanza kwa kujua kama WAV (faili ya sauti isiyobanwa) niliyoletewa ni WAV kweli. Naifungua kwenye Spek, programu ya bure inayochora masafa ya sauti tangu chini mpaka juu. Katika mdundo mzima, picha ya faili safi hupanda hadi karibu na kilohezi 20 na kufifia taratibu. Ikikatika kwenye kilohezi 16 kama iliyokatwa kwa panga, hiyo ilikuwa MP3 ya kilobiti 128 au imenyofolewa YouTube, kisha ikavalishwa jina la WAV. Maji ya chumvi hayapotezi chumvi kwa kuhamishwa kutoka ndoo kwenda mtungi.

Linalofuata ni kasi ya sampuli. Muziki mwingi hurekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti za video kwa 48,000. Faili ya 44,100 ikisomwa kana kwamba ni ya 48,000, wimbo wa dakika 4 unaisha kwenye dakika 3 na sekunde 40, na ufunguo unapanda karibu nusu-toni moja na nusu. Mwimbaji anasikika kama katuni. Nakagua pia kama faili zote zinaanzia sifuri. Adilibu (vikolezo vya pembeni vya mwimbaji) inayoingia kwenye sekunde ya 52 iletwe na ukimya wake wa sekunde 52, la sivyo nitakuwa nabahatisha mahali ilipokaa, na mwimbaji ndiye pekee anayejua kama nimepatia.

Ukubwa wa folda nao unasema. WAV ya mono ya biti 24 kwa sampuli 48,000 hula megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 wenye treki 40 za mono ni kama gigabaiti 1.4. Mtu akisema katuma treki zote na folda nzima ina megabaiti 60, muulize kabla hujamshukuru. Zikitumwa kwa WhatsApp, zifungwe kwenye zipu moja na zitumwe kama dokumenti. Sauti iliyorekodiwa na kutumwa kama voisi noti imeshabanwa na haina dawa.

Kwa wanaotumia FL Studio, na hapa kwetu ndio wengi, namwelekeza prodyuza hivi: achague WAV ya biti 24, awashe "Split mixer tracks", na kwenye mkia achague "Leave remainder" ili rivabu (mwangwi) isikatwe mwishoni. Kabla ya hapo azime limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango) iliyopo kwenye masta, njia ya mwisho zinapokutana sauti zote. Kiolezo cha kuanzia cha programu hiyo kimekuwa kikija na limita tayari, na wengi hawajui kama ipo.

Mwisho nasikiliza sauti peke yake kwa hedifoni. Nikikuta feni la dari, nang'amua mapema. Mlio wa umeme wa hezi 50 na ndugu zake wa 100 na 150 unaondoka kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa) nyembamba. Sauti iliyovuka kiwango cha juu cha kurekodia na kupasuka haina dawa. Kuna programu za kuziba nyufa, lakini kwenye noti ndefu ya korasi kidonda kinabaki kinaonekana. Namwomba arudie, na namwambia vilele vya sauti vikae kati ya desibeli -12 na -6. Ujumbe wangu wa kurudisha huwa mfupi: "Kaka, nimepokea. Vesi ya pili imepasuka kwenye sekunde ya 74 hadi 81, naomba urudie kipande hicho kwa maiki ile ile na umbali ule ule. Mengine yako sawa." Sekunde ziandikwe. Ukimwambia tu kwamba rekodi ni mbaya, umemtukana bila kumsaidia.

Mdundo uliofungwa

Hapa ndipo kazi nyingi zinapokwama. Mdundo wa faili moja umeshapitishwa kwenye limita na aliyeutengeneza, umekaa -8 au -7 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti unavyosikika), na hauna kiti cha mgeni. Kosa la kwanza la kila mtu ni kupandisha sauti ya mwimbaji mpaka ipite. Inapita kweli, ila inaelea juu kama mafuta kwenye maji. Kosa la pili ni kuvisukuma vyote viwili ndani ya limita moja: kila kiki inapopiga (ya ngoma, si ile ya magazeti ya udaku), limita inashusha kila kitu, na neno la mwimbaji linazama nayo.

Mimi naushusha mdundo desibeli 6 hadi 8 kabla ya lolote. Kisha naweka ikwalaiza inayojiendesha juu ya mdundo, kwenye sehemu ya katikati ya stereo tu, kati ya kilohezi 1.5 na 4, naiunganisha na sauti ya mwimbaji ili ishuke desibeli 2 au 3 pale tu anapoimba. Pembeni sigusi kitu. Gita na kinanda vinabaki na upana wao. Ukivuka desibeli 4 mdundo unaanza kupumua, unanyanyuka kila mwimbaji anaponyamaza, na hata asiyejua fundi ni nani atasema kuna kitu hakijakaa sawa. Chini ya hezi 100 naacha kama nilivyokuta. Besi iliyokwisha kubanwa ukiiongezea hapo haiongezeki nguvu, inakoroma.

Rivabu ya mwimbaji naichagua ifanane na chumba kilichomo ndani ya mdundo. Snea ya mdundo ikiwa kavu na fupi, mwimbaji mwenye ukumbi wa sekunde 3 atakuwa anaimba nyumba ya jirani.

Siku hizi kuna programu za kuutenganisha mdundo. Demucs, iliyotoka kwa watafiti wa Facebook, hugawa wimbo katika mafungu manne: ngoma, besi, sauti na vilivyobaki. Inasaidia, ila si stemu halisi, yaani faili za kila fungu kutoka kwa prodyuza mwenyewe. Haihati hutoka na mlio wa majimaji, na kiki hupoteza ncha. Matumizi ninayoyakubali ni haya: mdundo asilia unabaki wote, na fungu la ngoma naliongeza chini yake kwa mbali, kama desibeli 10 pungufu, ili kiki isimame tena. Kuutenganisha hakumpi mteja haki yoyote juu ya mdundo. Kama kanunua leseni ya MP3 tu, kwa kawaida ngazi ya juu ya leseni ndiyo yenye stemu, na mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo kuliko saa ninazomtoza kuhangaika. Na kama kaunyofoa YouTube ukiwa na jina la prodyuza linaloita mwanzoni, namwambia wazi kwamba siondoi tagi hiyo. Wimbo unaweza kudaiwa na Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi za watu, hata miksi iwe nzuri vipi.

Kiswahili kina masharti yake

Mafunzo mengi ya mtandaoni yamejengwa juu ya sauti za Kiingereza, na namba zake zimebeba tabia za Kiingereza. Angalia geti, kile kifaa kinachozima kelele mwimbaji anaponyamaza. Kiswahili kimejaa maneno yanayofunguliwa na m au n yenye silabi yake: mpenzi, mtoto, nchi. Mdomo umefungwa, sauti iko chini, geti linadhani ni ukimya. "Mpenzi" anatoka "penzi", na maana imebadilika. Kwa hiyo geti kwenye sauti kuu situmii. Nakata ukimya kwa mkono, na hiyo m naipandisha desibeli 3 au 4 kabla ya kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Kichujio cha chini nakiweka kwenye hezi 80 hadi 100. Ukikipeleka 180 kwa kufuata ushauri wa mtu, m inabaki ganda.

Maneno yetu pia huisha kwa irabu. Kwenye dabo tatu za korasi (mwimbaji akirudia mstari ule ule juu ya sauti yake), kila "-a" ya mwisho ikiisha kwa wakati wake, mstari unakuwa na mkia uliochanika. Mianzo ya maneno naisogeza kidogo tu, lakini miisho naikata ilingane ndani ya milisekunde 20, na dabo za pembeni nazimaliza mapema kidogo kuliko sauti kuu.

Kwa s, sh na ch, naanza kutafuta kati ya kilohezi 5 na 7 kwa wanaume, 6 na 9 kwa wanawake, na kushusha desibeli 3 hadi 6. Zaidi ya hapo mwimbaji anapata kitembe ambacho hakuzaliwa nacho.

Kuhusu programu ya kunyoosha noti, jua ufunguo kwanza. Na kwenye taarab ya asili, yenye maqamu za Kiarabu, usiwashe kabisa: robo za toni zitavutwa kwenye nusu-toni ya karibu na utamu wote utaondoka.

Tempo inaamua mengine. Gawanya 60,000 kwa BPM (mapigo kwa dakika) upate milisekunde za pigo moja. Wimbo wa BPM 100 una pigo la milisekunde 600, kompresa ina muda wa kupumua. Singeli ya BPM 240 ina milisekunde 250, na robo yake ni 62.5. Kompresa yenye kuachia kwa milisekunde 200 hapo haiachii kamwe, inashusha wimbo wote moja kwa moja. Naipeleka kwenye 30 hadi 50, na rivabu haivuki nusu sekunde. Singeli yenye ukumbi mrefu ni ukungu.

Besi naikagua mara mbili. Spika ya simu karibu haitoi kitu chini ya hezi 200, hivyo besi ya hezi 50 peke yake haipo kwa msikilizaji huyo. Naichafua kidogo kwa saturesheni ili izae hezi 100, 150, 200 na kuendelea. Sikio linaijaza iliyokosekana. Upande wa pili kuna daladala na matatu zenye sabufa chini ya kiti, ambako besi isiyokatwa inaunganisha kiki zote kuwa ngurumo moja. Halafu nabonyeza mono. Spika nyingi ndogo za Bluetooth ni moja tu, na sauti iliyopanuliwa kwa kuchelewesha upande mmoja milisekunde 15 ikiingia humo inakuwa kama imetoka kwenye bomba.

Masteringi

Kwenye masteringi, hatua ya mwisho ya kuandaa wimbo kabla haujatoka, kuna namba mbili zinazoabudiwa bila sababu. Ya kwanza: "acha desibeli 6 juu." Kwenye faili ya biti 24 kilele kikiwa -6 au -2 ni mamoja. Muhimu ni kwamba hakijapasuka na limita ya masta imezimwa. Ya pili: "-14 LUFS." Spotify husawazisha nyimbo kwenye -14, na YouTube hushusha zilizozidi hapo, lakini hiyo ni kazi ya mchezaji wao, si amri kwako. Wimbo wetu unapigwa pia kutoka flashi ya DJ na MP3 iliyopakuliwa, kusiko na wa kusawazisha, na ukiwa -14 katikati ya nyimbo za -8 utadhaniwa umeharibika. Kwa Bongo Fleva ya kuchezeka naishia -9 hadi -8, na nasimama pale kiki inapoanza kulainika. Kilele halisi nakiacha -1, kwa sababu kugeuzwa kuwa AAC au Ogg hupandisha vilele kidogo. Ditha (kelele ndogo ya kuficha kasoro za kupunguza biti) inawekwa mara moja, mwisho kabisa, wakati wa kushuka kutoka biti 24 kwenda 16.

Fedha ni fupi. Nusu huingia kabla, kwa M-Pesa au njia yoyote, nusu kabla ya WAV kutoka. Ya kusikilizia ni MP3 yenye ukimya wa sekunde moja ndani ya kila korasi. Marekebisho ni raundi mbili, yakiandikwa kwa dakika na sekunde na mtu mmoja aliyeteuliwa. Meneja, mpenzi na prodyuza wakituma kila mmoja lake, miksi itazunguka mpaka irudi ilipoanzia. Sauti mpya iliyorekodiwa baada ya raundi ya kwanza si marekebisho, ni kazi nyingine yenye bei yake.

Siku ya kukabidhi natoa vyote kwa mpigo: WAV ya biti 24, WAV ya biti 16 kwa 44,100, MP3 ya 320, mdundo mtupu, sauti tupu, toleo la redio lililosafishwa, na lile la jukwaani lenye sauti za nyuma bila sauti kuu. Zote zianzie na kuishia pamoja, sekunde kwa sekunde. La jukwaani ndilo litakaloulizwa miezi mitano baadaye, saa nne usiku, msanii akiwa tayari ukumbini, na plagini uliyotumia imeshabadilika toleo.