Mfuko wa kulalia wa Usambara: yanayosemwa mjini Tanga na yalivyo kweli

Mtu aliyekulia Tanga mjini, ambako hata Julai watu hulala na shuka moja, haamini kirahisi kwamba akishapita Mombo na kupanda zile kona za kwenda Lushoto atafika mahali pa kutetemeka. Lakini hesabu iko wazi. Kwa wastani hewa hupoteza nyuzijoto 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Msitu wa Magamba una sehemu zinazopita mita 2,200, kwa hiyo usiku wa nyuzijoto 20 pale Raskazone, ufukweni Tanga, unaweza kuwa usiku wa 6 kule juu, na hapo upepo na ukungu havijahesabiwa. Anayetaka kutembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae kupitia Rangwi, na kulala kwenye hema badala ya nyumba ya wageni, atahitaji mfuko wa kulalia. Na kwa kuwa ataubeba mgongoni mwenyewe, atautaka mwepesi. Akianza kuuliza tu, kila kijiwe kina mtaalamu wake.

"Umeandikwa 0, basi kwenye 0 nitalala kama niko nyumbani."

Hili ndilo linalowaumiza wengi. Mifuko iliyopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 13537, kilichorithiwa na ISO 23537 mwaka 2016, huwa na namba tatu kwenye lebo. Comfort ni joto ambalo mwanamke wa kawaida analala kwa raha, amejinyoosha. Limit ni joto ambalo mwanamume wa kawaida, akiwa amejikunyata, bado hajaanza kutetemeka. Extreme haihusu kulala hata kidogo: inahusu kubaki hai kwa saa sita, na hatari ya mwili kupoa kupita kiasi ikiwepo palepale. Vipimo hivyo hufanywa kwa sanamu la umbo la mtu lenye vipasha joto na vihisio, lililovalishwa nguo za ndani ndefu na soksi, likalazwa juu ya godoro la safari. Hivyo ukilala na kaptula juu ya turubai tupu, namba ile si yako.

Muuzaji hupenda kukuonyesha namba inayovutia, na mara nyingi hiyo ni Limit au Extreme. Wewe tafuta Comfort. Mfuko usiotaja kiwango chochote una namba ya mdomo tu. Uchukulie kama unavyochukulia bei ya kwanza sokoni. Na sisi watu wa pwani, ambao mwili haujazoea baridi, tujiongezee akiba ya nyuzijoto tano hivi.

Kwa Usambara, mfuko wenye Comfort ya 5 hadi 0 unatosha. Wapo wanaonunua mfuko wa Kilimanjaro "ili niwe salama", halafu wanapanda Irente wamebeba mzigo wa Kibo. Banda la Kibo liko mita 4,720, ambako maji huganda usiku. Lushoto mjini ni mita 1,400 hivi. Ukijaaliwa kwenda Kilimanjaro, Moshi wapo wanaokodisha mifuko mizito.

"Poliesta hata ikilowa inapasha joto vilevile."

Mifuko hii hujazwa nyuzi za poliesta au manyoya ya bata, na ubishi ni juu ya kipi bora. Kwanza, hakuna mfuko unaopasha joto. Joto ni lako, limetoka kwenye ugali uliokula. Kazi ya mfuko ni kushika hewa isiondoke, na hewa iliyotulia ndiyo inayokuzuia usipoe. Maji hupitisha joto takribani mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo mfuko uliojaa maji ni mfuko wa baridi, uwe wa poliesta au wa kitu kingine chochote.

Ukweli uliozaa dhana hii ni mdogo zaidi, ila una thamani. Uzi wa poliesta haunywi maji. Unashika chini ya asilimia moja ya uzito wake. Maji hukaa kati ya nyuzi, si ndani yake, kwa hiyo ukiukamua mfuko na kuutikisa, unarudi kuvimba kiasi na kukauka upesi. Manyoya ya bata yakilowa hushikamana yakawa mabonge, na kukauka ni kazi ya siku nzima ya jua, ambalo milimani huna uhakika nalo. Ndiyo sababu jeshi la Marekani, miaka ya 1980, lilitaka kitu cha kuchukua nafasi ya manyoya, na PrimaLoft, aina ya poliesta ya kujazia, ikazaliwa kutokana na haja hiyo.

Hapa ndipo ninapowaunga mkono wanaochagua poliesta kwa mkoa wetu. Usambara haina baridi ya barafu, ina unyevu. Amani, kule Muheza, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Ukungu unaingia hemani bila hodi, jasho lako linaongeza, na pumzi nayo inaongeza. (Anayefunika uso na kupumulia ndani ya mfuko anajimwagia maji polepole usiku kucha, vaa kofia ya sufu, pua iwe nje.) Siku ya tatu mfuko wa manyoya umeshalegea, wa poliesta bado unavumilia. Hata hivyo ubebe kwenye mfuko usiopitisha maji, ule wa kukunja mdomo kama wanaotumia watu wa boti. Ule wa plastiki wa dukani ulipigwa marufuku tangu Juni 2019, na haukufaa sana hata ulipokuwepo.

"Basi manyoya ni ya wazungu, hayana maana."

Yana maana. Kwa joto lilelile, mfuko wa manyoya ni mwepesi zaidi, unakunjika mdogo zaidi, na ukitunzwa unadumu miaka mingi kuliko wa poliesta. Mwenye fedha na anayekwenda kwenye baridi kavu anunue. Asiyekuwa nazo asione aibu.

"Mtumba ni mtumba, bora chapa kubwa."

Mitumba mingi ya Tanga ni mizuri kuliko vipya vya bei rahisi, na mimi si wa kuidharau. Ila mfuko wa poliesta una adui mmoja mkubwa: kubanwa. Kila unapobanwa, nyuzi zake zinavunjika na kulala, na uwezo wa kuvimba unapungua usirudi tena. Sasa fikiria mfuko uliotumika kwao miaka kadhaa, kisha ukashindiliwa kwa mashine kwenye belo, ukavuka bahari na kukaa ghalani. Chapa inabaki nzuri, joto limeshaondoka.

Kwa hiyo usinunue ukiwa umekunjwa. Omba utandazwe, utikise vizuri, kisha zunguka kwenye meza nyingine kama nusu saa. Ukirudi, ubonyeze kwa kiganja kisha uachie: unainuka wenyewe, au unabaki na alama ya mkono? Uinue juu kwenye mwanga uangalie kama kuna sehemu zilizo tupu, hasa eneo la mabega na miguu. Vuta zipu mwanzo hadi mwisho, mara mbili. Namba ya lebo ya mfuko uliochoka usiihesabu tena.

"Mwepesi zaidi ndio bora zaidi."

Uzito hupunguzwa kwa njia nyingi, na si zote zina faida kwako. Mtengenezaji anaweza kufupisha zipu, kutumia kitambaa chembamba, kubana umbo lifuate mwili. Hizo ni njia halali. Anaweza pia kupunguza poliesta yenyewe, na hapo amekuuzia gamba. Usiulize uzito wa mfuko tu, uliza gramu ngapi ni za ujazo wa ndani, yaani poliesta au manyoya yaliyojazwa. Mifuko miwili ya kilo moja, mmoja una gramu 500 za ujazo na mwingine 700, haifanani hata kidogo. Mfuko mzuri wa poliesta wenye Comfort ya nyuzijoto 5 huwa karibu na kilo moja, kidogo juu au chini. Ukiambiwa una nusu kilo na unafika 0, cheka kidogo kisha uondoke.

Njia halali kabisa ya kupunguza gramu ni blanketi la safari lisilo na mgongo. Upande wa chini wa mfuko wowote unalaliwa, unabanwa, hauzuii baridi; blanketi linauondoa. Sharti lake ni godoro.

Na godoro ndiyo sura ambayo Tanga tunairuka. Mkeka wa ukindu ni mzuri kwa baraza, si kwa udongo wa Magamba. Sponji ya kawaida ya godoro inabonyea na kunywa maji. Tafuta godoro jembamba la povu gumu la kukunjika au la kujaza upepo, lenye namba ya R (kipimo cha jinsi linavyozuia joto lako kupotelea ardhini) ya 2 au zaidi. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, mfuko wa ghali au mfuko wa kati pamoja na godoro, achague la pili bila kufikiri.

"Chukua mkubwa, utajigeuza vizuri." Nafasi tupu ndani lazima uipashe joto wewe. Mdogo kupita kiasi nao unabana ujazo mabegani na magotini. Ingia ndani ya mfuko palepale dukani, watu wacheke.

"Vua nguo zote, joto litazunguka." Hapana. Vaa nguo kavu za kulalia. Za kutembelea zina jasho.

Ukifika nyumbani, utoe kwenye kifuko chake cha kubania na uutundike kabatini au uuache wazi ndani ya foronya kubwa. Kuufua ni kwa beseni, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo. Usiunyonge kama jinzi. Ukandamize maji yatoke, kisha uanike kwa kuulaza kivulini penye upepo, kwa sababu jua la saa saba la Tanga linachosha kitambaa chembamba.