Les Ames na wapigaji 418 waliokamatwa nje ya mstari

Katika miaka niliyofundisha walinda wiketi wa kriketi, yaani wachezaji wanaosimama nyuma ya vijiti vya mpigaji ili kuudaka mpira, swali ambalo wanafunzi hunirudia nalo ni hili: mlinda wiketi achaguliwe kwa mikono yake au kwa mikimbio yake, yaani alama anazofunga akipiga? Huwajibu kwa kuwaeleza habari za Les Ames, mzaliwa wa Elham katika kaunti ya Kent, Uingereza, mwaka 1905, aliyeichezea kaunti hiyo kuanzia 1926 hadi 1951.

Ames aliingia katika mchezo akiwa mpigaji, na kazi ya kulinda wiketi aliifuata baada ya kushauriwa kwamba ingemfungulia njia. Ushauri ulikuwa mzuri, lakini bahati yake kubwa ilikuwa kukutana na Tich Freeman, mrushaji mfupi wa Kent ambaye mpira wake wa polepole ulijipinda baada ya kudunda, na ambaye katika msimu wa 1928 pekee alitwaa wiketi 304, yaani aliwatoa wapigaji mara 304. Mpigaji aliyetoka nje ya mstari wake wa usalama kuufuata mpira wa namna hiyo, kisha akaukosa, alikuwa amekwisha, kwa sababu Ames alisimama hatua moja tu nyuma ya vijiti na kuviangusha kabla mtu huyo hajageuka. Kwa njia hii aliwatoa wapigaji 418 katika mechi za daraja la kwanza, yaani zile za ngazi ya juu zinazochezwa kwa siku kadhaa, idadi ambayo hakuna mlinda wiketi mwingine aliyeifikia. 64 kati yao walikuwa wa msimu wa 1932, na hiyo nayo ni rekodi ya msimu mmoja. Sidhani kama rekodi hizi zitavunjwa: siku hizi warushaji wa kasi ndio hupewa kazi kubwa, na mlinda wiketi husimama mbali nyuma, akidaka.

Kwa upande wa kupiga, mwaka 1933 alifunga mikimbio 3,058, ikiwemo 295 dhidi ya Gloucestershire pale Folkestone. Mikimbio 1,000 pamoja na kuwatoa wapigaji 100 katika msimu mmoja ni jambo alilolifanya mara tatu, mwaka 1928, 1929 na 1932. Mwingine aliyeliweza ni John Murray wa Middlesex, mwaka 1957, mara moja tu.

Timu ya taifa ya Uingereza ilimtumia katika mechi 47 za Test, yaani zile za kimataifa za siku kadhaa, ambamo wastani wake wa mikimbio kwa kila mara aliyotolewa ulikuwa 40.56. Wastani huo ungemtosha mpigaji asiyelinda wiketi, na kwangu mimi ndio unaomaliza ubishi wa wale wanaodai kwamba alibebwa na Freeman. Mwaka 1931 pale uwanja wa Lord's, London, dhidi ya New Zealand, yeye na Gubby Allen waliongeza mikimbio 246 kwa wiketi ya nane, yaani wakipiga pamoja baada ya wenzao saba kutolewa, na rekodi hiyo ya Test kwa Uingereza ilidumu hadi 2010.

Mgongo ndio uliomlipisha gharama ya kuchuchumaa kutwa nzima. Kuelekea Vita vya Pili vya Dunia aliacha kulinda wiketi, akabaki kupiga, na mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 44, alifikisha mara ya 100 ya kufunga mikimbio mia au zaidi katika zamu moja ya kupiga, pale Canterbury. Mwaka uliofuata mgongo uleule ukamstaafisha.

Baadaye aliisimamia Kent kama katibu na meneja. Mwaka 1970 kaunti hiyo ilitwaa ubingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza tangu 1913, na nyuma ya vijiti alikuwa Alan Knott, mlinda wiketi mwingine aliyejua kupiga.