Betri inayokufa leo, kesho nzima

Gari kuukuu likimaliza betri kila usiku, kazi si kubwa: unapima, unapata. Linalosumbua ni lile linalolala salama wiki nzima, kisha asubuhi moja halina hata nguvu ya kuzungusha stata. Hapo ndipo wengi hapa Kampala hununua betri mpya, na mwezi haujaisha nayo imelala.

Pima betri kwanza. Iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma volti 12.6 hivi; 12.2 ni nusu. Injini ikiwaka, alteneta, yaani jenereta inayochaji betri, itoe kati ya 13.8 na 14.5. Hayo yakiwa sawa, huenda umeme unavuja gari likiwa limezimwa.

Mafundi wengi huanza kung'oa fyuzi moja moja. Kwa hitilafu ya kuja na kuondoka, mimi nakataa kabisa. Relei iliyonata, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, huweza kuachia pale pale unapoikatia umeme, na ikishaachia hutaiona tena mpaka itakapotaka yenyewe. Acha gari lilivyo. Fungua mlango, funga loki yake kwa bisibisi ili taa ya ndani izime, weka ufunguo mbali, subiri nusu saa. Kisha weka mita kwenye milivolti, gusa vile vidoa viwili vya chuma vilivyo wazi mgongoni mwa fyuzi. Sifuri maana yake hakuna kinachopita. Fyuzi ya ampea 10 inayopitisha ampea 0.4, yaani taa moja ya buti ya wati 5, itaonyesha milivolti 3 hivi. Ni kidogo, lakini kwa siku tatu taa hiyo inakula karibu nusu ya betri ya ampea-saa 60. Gari lililolala halipaswi kuvuta zaidi ya miliampea 50 kwa jumla.

Redio naikagua mapema. Magari yetu mengi yametoka Japani, na redio zake za FM zilitengenezwa kuishia 90 wakati zetu zinafika 108. Kwa hiyo hubandikwa ekspanda, kifaa cha kushusha masafa ya stesheni hadi redio iyapate, au redio nyingine, na waya wake huungwa popote penye umeme, hata pasipozimwa na ufunguo.

Kuna mzee aliniletea Toyota Corona. “Mwanangu, likizunguka hapa mjini halina neno. Nikitoka Arua tu, asubuhi limekufa.” Maneno hayo yalinifaa kuliko mita. Nikamwomba safari ijayo alilete moja kwa moja, lilale kwangu. Alfajiri injini ilikuwa baridi kabisa, lakini alteneta ilikuwa vuguvugu mkononi. Mita ya kubana, ile inayozungushiwa waya bila kuukata, kwenye waya wa betri ilisoma zaidi ya ampea 3, na fyuzi za ndani zote sifuri. Nikatoa betri, nikafungua waya mnene wa alteneta na kuufunga kwa plasta, nikarudisha betri: mkondo umekwisha. Dayodi ya alteneta, inayotakiwa kupitisha umeme upande mmoja tu, ilikuwa inavuja ikipata joto la safari ndefu, na mkondo wenyewe ukaendelea kuipasha.

Dayodi hubadilishwa peke yake. Ukiamua kuchukua alteneta iliyotumika pale Kisekka, soko la vipuri hapa Kampala, usiridhike na kipimo cha dukani ikiwa baridi. Patana na muuzaji uifunge kwanza, uendeshe mpaka ichemke, uzime, ndipo upime waya ule mnene. Ikivuta hata nusu ampea, irudishe.